Kazi za Ambulensi Brussels: Wenye Viti ni Akina Nani?



Januari iliyopita, siku ya baridi ile ya kukata masikio, nilikaa na jamaa yetu mmoja kwenye kimkahawa cha Matongé, hatua chache kutoka Porte de Namur. Nyumbani Nairobi jamaa huyu alifanya kazi ya ambulensi miaka mitatu. Amezalisha mama ndani ya gari katikati ya foleni ya Mombasa Road, amefunga mguu uliovunjika kwa mwanga wa simu. Hapa Brussels alikuja kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, akamaliza, na toka amalize alikuwa anabeba boksi kwenye ghala moja upande wa Zaventem. Akatoa simu akanionyesha hesabu yake: maombi 23 ya kazi ya ambulensi, majibu manne, na yote manne ni ya "tunasikitika kukujulisha". Kibali chake cha kutafuta kazi kilikuwa kimebakiza miezi mitano.

"Kaka," akaniambia, "ving'ora nasikia usiku na mchana. Sasa wale watu wanaajiriwa na nani?"

Nilidhani najua jibu, kumbe silijui. Nikaanza kuuliza, kusoma sheria zao, na kugonga milango kadhaa mimi mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa sababu kila mwaka kuna wawili watatu kati yetu wanaofika hapa na cheti cha huduma ya dharura kutoka nyumbani, wakiamini kwamba Ulaya inalilia watu wa afya. Ni kweli inalilia, ila si wa kila kiti.

Tuanze na gari lenyewe

Ukipiga 112 hapa Ubelgiji na kusema mtu ameanguka, kinachokuja kinategemea uzito wa tatizo. Mara nyingi huja ambulensi ya kawaida yenye watu wawili, wale wanaoitwa kwa Kifaransa "secouriste-ambulancier" na kwa Kiholanzi "hulpverlener-ambulancier". Tatizo likiwa zito kidogo, inaweza kuja ambulensi yenye nesi ndani, jina lake PIT. Likiwa la kufa na kupona, hutumwa pia gari dogo la mbio kutoka hospitali, lenye daktari na nesi. Wafaransa wa hapa wanaliita SMUR, Waflemi wanaliita MUG. Mpango wote huu umejengwa juu ya sheria ya tarehe 8 Julai 1964 ya msaada wa dharura wa kitabibu, ambayo imerekebishwa mara nyingi lakini bado ndiyo msingi.

Hapo tayari kuna jambo la kukaa nalo. Kule Kenya, na hata ukisoma vitabu vya Marekani, kuna ngazi: unaanza chini, unapanda, mpaka unakuwa mtu wa ambulensi anayetoa dawa za mshipa na kuweka mirija ya kupumulia. Ubelgiji ngazi hiyo haipo. Juu ya mhudumu wa ambulensi yupo nesi, na juu ya nesi yupo daktari. Kwa hiyo ile CV inayosema "nina uzoefu wa kuweka dripu, kutoa adrenalini, kusoma ECG" inamchanganya mwajiri wa hapa. Anaona mtu anayedai mambo ya nesi bila kuwa nesi. Jamaa yetu alikuwa ameyaandika hayo yote ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito. Kumbe anajiharibia mwenyewe.

Sasa nani anakaa kwenye viti?

Hapa ndipo penye siri ya Brussels. Ambulensi nyingi za 112 unazoziona mjini ni za zimamoto wa mkoa, shirika linaloitwa SIAMU kwa Kifaransa na DBDMH kwa Kiholanzi, makao makuu yake yako Avenue de l'Héliport, si mbali na stesheni ya Gare du Nord. Askari wa zimamoto wa Brussels kwa desturi ndio hao hao wahudumu wa ambulensi: leo yuko kwenye gari la maji, kesho yuko kwenye machela. Mtu aliyeajiriwa kuzima moto tayari amekalia kiti cha ambulensi. Zaidi yao kuna Msalaba Mwekundu, ambao unategemea sana watu wa kujitolea. Kuna hospitali ya jeshi ya Neder-Over-Heembeek. Kuna makampuni binafsi, makubwa na madogo, ambayo kazi yao kubwa si 112 bali ni kuhamisha wagonjwa.

Ukipiga hesabu ya viti vyenyewe, unaona kwa nini maombi 23 yalirudi mikono mitupu. Kiti cha kwanza kinapatikana kwa kufaulu usaili wa zimamoto, wenye majaribio ya nguvu na wagombea wengi mno kwa kila nafasi. Kiti cha pili hakina mshahara. Kiti cha tatu kipo, lakini si kile ulichokiota ukiwa nyumbani. Wengi tunatuma CV kwenye kiti cha kwanza bila kujua kwamba mlango wake uko upande wa pili wa jengo.

(Onyo dogo, maana limeshapoteza muda wa watu: SIAMU hiyo hiyo ni pia ufupisho wa masomo ya nesi bingwa wa wagonjwa mahututi na dharura, "soins intensifs et aide médicale urgente". Ukiona tangazo la hospitali linatafuta "infirmier SIAMU", hawatafuti zimamoto. Dada mmoja wa Eldoret alijiandaa wiki nzima kwa mbio na kupanda ngazi, kumbe wanataka diploma ya unesi.)

Na msongamano si wa Brussels peke yake, tusije tukadhani tumeonewa. Kenya, baada ya katiba ya 2010 na afya kuhamia kaunti 47 mwaka 2013, kila gavana alitaka kuonekana na ambulensi zake. Katiba yenyewe, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Vyuo binafsi vikafuata vikitoa vyeti. Lakini gari moja lina viti viwili, na la zamu tatu lina watu sita, basi. Vijana wengi waliohitimu wanazunguka na vyeti vyao mfukoni, wanalinda matamasha na mechi kwa kibarua cha siku. Tanzania hali ni tofauti kidogo: kwa muda mrefu ambulensi ilikuwa dereva na nesi anayesindikiza rufaa, na idara ya kwanza kamili ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 tu. Siku hizi mpango wa m-mama, namba 115, unawatumia hata madereva wa kijijini kuwawahisha wajawazito pale ambulensi inapokosekana. Kwa maneno mengine, magari yanahitajika kila mahali, lakini kiti chenye mkataba na mshahara ni kitu kingine kabisa.

Beji

Ili ukae kwenye ambulensi ya 112 hapa, unahitaji beji inayotolewa na wizara ya shirikisho ya afya, SPF Santé publique. Cheti cha Nairobi, Kampala au Dar hakigeuzwi beji kwa kugongwa muhuri. Lazima upite kwenye shule yao. Kwa amri ya kifalme ya mwaka 1998 iliyopanga shule hizo, masomo ya msingi ni saa 160: 120 za darasani na mazoezi, 40 za kukaa zamu kwenye gari na hospitalini. Halafu mtihani. Ukishapata, beji haidumu milele: ni ya miaka 5, na kila mwaka unatakiwa uhudhurie saa 24 za kujinoa.

Saa 160 si nyingi, na mtu aliyefanya kazi hii nyumbani atazimaliza bila jasho kubwa. Jasho liko kwenye mlango. Shule inataka uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, cheti cha daktari kwamba mwili na akili vinaiweza kazi, na rekodi safi ya polisi. Na katika kuuliza kwangu, kila mahali niliulizwa swali lile lile: "Uko na huduma gani ya ambulensi?" Maana wengi wa wanafunzi wao wanaletwa na huduma wanayofanyia kazi au kujitolea tayari. Zimamoto analetwa na zimamoto, mtu wa Msalaba Mwekundu analetwa na Msalaba Mwekundu. Anayekuja peke yake, kutoka chuo kikuu, na lafudhi ya Kiingereza, anaonekana kama mtu aliyepotea njia. Hapo ndipo penye ile habari ya yai na kuku tunayoijua sote: bila huduma hupati shule kirahisi, bila shule hupati beji, bila beji huduma haikutaki.

Nani anakata mduara huo? Ni wale wa kujitolea, na hapa naomba nikae kidogo.

Kujitolea, lakini kwa akili

Najua wengi mkisikia neno kujitolea mnakunja uso. Kodi ya chumba inakuja kila mwezi, nyumbani wanategemea kitu kidogo, halafu mtu akwambie ukafanye kazi bure. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Lakini kwa kazi hii, hapa, ndiyo njia fupi kuliko zote nilizoziona.

Unaanza na masomo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu. Upande wa Kifaransa cheti cha mwanzo kinaitwa BEPS, ni saa 15 hivi, unazimaliza wikendi mbili. Waliosoma udaktari na unesi watacheka, maana utafundishwa kumlaza mtu ubavu na kufunga bendeji. Usicheke. Pale hujaenda kujifunza bendeji. Umeenda kujifunza kuzisema kwa Kifaransa mbele ya watu, na kujulikana na watu wa tawi la mtaani kwako. Baada ya hapo unapanda ngazi ya pili, unaanza kupangiwa vituo vya huduma ya kwanza kwenye shughuli za mji: mechi, sherehe, zile mbio za 20 km za Brussels za mwisho wa Mei ambapo maelfu wanakimbia na kila mwaka kuna wanaodondoka. Unavaa jaketi, unabeba begi, unaandika fomu za wagonjwa. Ukionekana mara tano sita umefika kwa wakati, umesimama wima mpaka mwisho, mtu mmoja atakuuliza, "Wewe mbona unayajua haya?" Siku hiyo ndiyo usaili wako.

Sheria ya tarehe 3 Julai 2005 ya haki za wanaojitolea inawahusu pia wageni wenye kibali halali cha kukaa, kwa hiyo msiogope. Hulipwi mshahara, lakini unaweza kurudishiwa gharama kwa kiwango kilichowekwa. Ila mjihadhari na neno moja. Ukitoka nje ya Brussels, kwenye zimamoto za mikoa, utasikia "ambulancier volontaire". Huyo si wa kujitolea kwa maana yetu. Ni mtu mwenye kazi nyingine anayelipwa kwa saa akiitwa zamu, na kwake zinatumika taratibu za ajira, pamoja na masharti ya uraia ambayo ni vizuri uyasome kabla hujajaza fomu yoyote. Neno moja, vitu viwili. Nilimwona mtu amesafiri mpaka Namur kwa kutofautisha vibaya.

Kiti ambacho hakuna anayekitaka

Nilisema kuna kiti cha tatu. Ni usafirishaji wa wagonjwa usio wa dharura. Mzee anayepelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga anayerudishwa nyumbani, mgonjwa anayehamishwa kutoka Saint-Pierre kwenda Brugmann. Hakuna king'ora, hakuna picha ya kuwatumia wa nyumbani. Kuna ngazi nyembamba za nyumba za Schaerbeek, ghorofa ya tatu, na mtu mwenye kilo 95 anayetakiwa kushushwa bila kutikiswa.  Makampuni ya kazi hii hubadilisha watu mara kwa mara kwa sababu wengi wanachoka mapema, na kwa hiyo hutangaza nafasi mara kwa mara.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiti cha kuanzia kwa mtu wetu, na wala si kubeba boksi kwa jina jingine. Ndani ya miezi michache unaijua kila hospitali ya mji huu, mlango wa nyuma uko wapi, nesi wa mapokezi ni nani, Erasme iko upande gani wa Anderlecht na UZ Brussel unaingilia wapi ukifika Jette. Unajifunza Kifaransa cha wazee, ambacho hakifundishwi darasani. Na baadhi ya makampuni hayo yana pia gari la 112, hivyo mtu anayeaminika anaweza kupelekwa shule ya beji na kampuni yenyewe.

Lakini kiti hiki kina mlinzi wake mlangoni, na jina lake ni leseni ya udereva. Karibu kila tangazo nililosoma linataka leseni ya daraja B inayokubalika Ubelgiji, na juu yake uchunguzi maalum wa daktari kwa wanaobeba watu kwa malipo, ule wanaouita "sélection médicale". Jamaa yetu alikuwa na leseni ya Kenya ya miaka saba. Kampuni moja, siitaji, ilimwita kwenye usaili, ikamsifu dakika arobaini, halafu mwishoni ikaangalia leseni na kumwambia arudi akiwa na ya hapa. Mambo ya leseni za nje yana orodha yake ya nchi zinazokubalika kubadilishana. Nenda komuni yako ukaulize kama nchi yako imo, na uulize mapema, ukiwa bado mwanafunzi mwaka wa kwanza. Ikiwa haimo, utafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo upya kama mtoto wa miaka 18, na foleni za mitihani si za wiki moja.

Lugha

Wengine watasema mambo ya lugha tumeyasikia mno. Haya, nitayasema kwa ufupi. Brussels ni mji wa lugha mbili kisheria. Kazi ya serikali kama zimamoto ina orodha ya Kifaransa na orodha ya Kiholanzi, na vyeti vya lugha vya mtihani ambao watu bado wanauita Selor vina uzito. Kampuni binafsi haitakuuliza cheti, itakusikiliza tu. Wengi wetu tuko kwenye shahada za Kiingereza na tunaishi na Waingereza wa vitabuni. Mgonjwa wa Laeken mwenye umri wa miaka 84 anayesema kifua kinambana hana Kiingereza, na redio ya gari nayo haina. Ukijua kuuliza "où avez-vous mal?" na "waar doet het pijn?", na ukaelewa jibu la haraka lenye kilio ndani yake, umeshawapita nusu ya wagombea. Actiris, ofisi ya ajira ya mkoa, ina mipango ya kusaidia masomo ya lugha kwa wanaotafuta kazi, na kwa Kiholanzi ipo Huis van het Nederlands. Mtu wa Bukavu au Bujumbura aliyekua na Kifaransa anaanza mbele yetu sisi wa Nairobi na Dar, hilo tulikubali bila wivu.

Na Kiswahili chako kiandike kwenye CV, hasa kama una Lingala au Kinyarwanda kando yake. Brussels ina wagonjwa wengi wa asili ya Kongo, Rwanda na Burundi, na mama mzee aliyechanganyikiwa na homa hurudi kwenye lugha ya utotoni. Wanaosimamia zamu wanalijua hilo.

Saa na makaratasi

Hapa ndipo watu wanapoungua. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na bila kikomo hicho wakati wa likizo rasmi. Sasa zamu za ambulensi mara nyingi ni za saa 12. Mbili kwa wiki ni 24. Tayari umevuka. Ukienda kwa mwajiri mwambie mapema kwamba unaweza zamu moja na kipande, au uombe za likizo ya kiangazi, ambapo wenyewe wanakwenda Hispania na zamu zinabaki wazi. Usijidanganye kwamba hakuna anayehesabu. Saa zote zinaandikwa kwenye mfumo wa hifadhi ya jamii, na siku ya kuongeza kibali ndiyo siku zinaposomwa.

Ukimaliza shahada, tangu Agosti 2021 unaweza kuomba miezi 12 ya kukaa na kutafuta kazi, na katika miezi hiyo unafanya kazi bila kikomo cha mwanafunzi. Inasikika mingi. Lakini baada ya hapo mwajiri ndiye anayekuombea kibali kimoja cha kazi na ukaazi, na mkoa unaangalia kazi ni ya aina gani na mshahara ni kiasi gani. Mshahara wa mhudumu wa ambulensi wa kuanzia kwa kawaida haufiki kile kiwango cha watu wa ujuzi wa juu. Ndiyo maana namwambia kila mtu anayenipigia simu: kazi ya ambulensi ya kuanzia itakulisha katika ile miezi 12, itakufungulia milango ya hospitali, lakini usiitegemee peke yake kukubakiza nchini. Ukiyajua hayo mwezi wa kwanza unapanga. Jamaa yetu aliyajua mwezi wa saba.

Kwa wale ambao nyumbani walisoma unesi, iwe KMTC, Muhimbili au Mulago, ushauri wangu ni mwingine kabisa: msishuke kwenye machela. Manesi wanatafutwa Ubelgiji nzima. Pelekeni vyeti kwenye ulinganisho wa elimu, ofisi ya Wallonia-Brussels kwa Kifaransa au NARIC-Vlaanderen kwa Kiholanzi, mkubali hata mkiambiwa mrudie masomo kadhaa. Ukishakuwa nesi wa hapa na ukasoma ule mwaka wa ubingwa wa dharura, unakaa kwenye PIT au kwenye gari la mbio pamoja na daktari. Hicho ndicho kiti ambacho kinafanana na kazi tuliyokuwa tunaifanya nyumbani, na hakina foleni. Asiye na unesi na bado kijana, shahada ya unesi upande wa Kifaransa ni miaka minne. Ni mirefu, najua.

Sina budi kutaja pia tarehe 22 Machi 2016, maana wenyeji hawaisahau. Asubuhi ile ya mabomu Zaventem na stesheni ya Maelbeek, zaidi ya watu 30 walikufa na mamia waliumia. Kila gari lililokuwa na magurudumu na machela lilitumika. Mfanyakazi mmoja wa muda mrefu aliniambia kwamba toka siku ile, anapomsaili mtu mpya, hamuulizi tena kwa nini anapenda kuokoa maisha. Anamuuliza alikula nini zamu yake ndefu kuliko zote, na alilala saa ngapi. Mtu asiyewahi kuifanya kazi hii hana jibu. Jamaa yetu alikuwa nalo: chai na mahindi ya kuchoma, saa 19 bila kulala, ajali ya basi Salgaa.

Alilitoa jibu hilo Machi, kwenye kampuni ndogo ya kuhamisha wagonjwa. CV yake tuliiandika upya, ukurasa mmoja, bila dripu wala adrenalini. Leseni ya Ubelgiji alikuwa bado hajaipata, wakamchukua kama msaidizi wa nyuma kwa sharti la kuileta kabla ya Septemba. Wikendi anajitolea. Kibali kimoja kampuni imekataa kumwombea, wamemwambia wazi, na amejiandikisha unesi kwa mwaka unaokuja, jambo litakalombadilishia tena kibali na kumrudisha kwenye saa 20. Juzi alinipigia saa kumi na moja alfajiri, yuko Molenbeek anangojea lifti iliyoharibika na bibi mmoja wa kusafishwa damu kwenye kiti cha magurudumu. Alitaka kuniuliza "mteremko" wanauitaje kwa Kifaransa.